Kalibu Moja

Mama mmoja, mwalimu mstaafu, alikuja kwangu na ramani ya nyumba aliyokuwa akiijenga Mjimwema, hapa Songea. Msingi ulikuwa umekamilika, matofali ya kuchoma yameshashushwa kiwanjani, na kabla ya kumkabidhi fundi fedha za kunyanyua kuta alitaka aione nyumba yake kwenye picha. Ukuta wa mbele hakutaka upigwe lipu. Alitaka matofali yenyewe yaonekane na wapita njia. Nilimpa kiti, nikamgeuzia kioo cha kompyuta, naye akatazama kimya kwa muda mrefu huku miwani ikimshuka puani. Mwishowe akasema, "Nyumba ni nzuri, mwanangu. Ila haya matofali si yangu. Yangu yamekolea."

"Sawa mwalimu," nikamjibu, "nipe dakika chache niyaongezee wekundu."

Dakika hizo zilimaliza mchana. Wekundu wa ukuta ule nilikuwa nimeuandika sehemu 19, kila sehemu na namba yake, na kila nilipogusa moja nyingine ilibaki nyuma. Uso wa tofali ukakolea, kingo zake zikabaki za waridi. Nikarekebisha kingo, vumbi lililotua kwenye viungio likabaki na rangi ya zamani, kana kwamba limepeperushwa kutoka ukuta wa jirani. Mwalimu alimaliza chai, akatazama saa, akaniaga kwa upole ulioniuma kuliko kama angenifokea. Ramani akaiacha mezani.

Kazi yangu ni kutengeneza ngozi ya vitu. Wenzangu wa kazi hii huiita tekscha. Nyumba ya kwenye kompyuta, kabla ya kuvishwa, ni maboksi meupe yaliyosimama juu ya bapa jeupe; haina udongo, haina kutu, haina alama ya mkono wa mtoto karibu na kitasa. Tekscha ndiyo inayosema huu ni ukuta, hili ni bati, hapa mvua hupiga. Ngozi hiyo haina rangi peke yake. Huja kama furushi la picha zinazolingana kila nukta: moja ina rangi, nyingine ina mabonde na miinuko, nyingine inaeleza wapi mwanga utateleza na wapi utamezwa. Picha hizo zikipishana hata kidogo, jicho linagundua kabla akili haijajua kimetokea nini.

Kuipata ngozi hiyo, unaweza kwenda ukutani na kamera, ukapiga, ukasafisha kingo, ukabandika. Maktaba za picha za namna hiyo zipo, na mojawapo iliyo bora, Poly Haven, inayoendeshwa kutoka Afrika Kusini, inazigawa bure kabisa. Nimezitumia na ninazishukuru. Lakini picha iliyopigwa imeganda. Mwalimu akikuambia matofali yake yamekolea, utaimwagia wekundu picha nzima, tofali na kiungio pamoja, na ukuta utaonekana kama umetazamwa kupitia chupa ya soda.

Njia nyingine ni kuujenga ukuta kwa hesabu. Katika programu kama Substance Designer, au Material Maker isiyouzwa, au Blender ambayo nayo ni ya bure, unapanga visanduku vidogo viitwavyo nodi na kuviunganisha kwa nyaya. Kila nodi ina kazi moja. Hii inachora mpangilio wa matofali, ile inatoa madoadoa ya kubahatisha ambayo sisi tunayaita noizi, nyingine inakwangua kingo, nyingine inatia rangi. Kinachotoka kwa mmoja kinaingia kwa mwenzake, hadi mwisho wa mlolongo, ambao wote tunauita grafu, ukuta unatokea. Wazo hili lina umri. Mwaka 1984 Robert Cook, wakati huo akiwa Lucasfilm, alichapisha makala akionyesha kwamba mwonekano wa uso wa kitu unaweza kuandikwa kama mti, hesabu ndogondogo zikikusanyika kutoka matawini kuja shinani. Mwaka uliofuata Ken Perlin akachapisha hesabu yake ya noizi, aliyoianza baada ya kufanya kazi kwenye filamu ya Tron ya mwaka 1982, kwa sababu alichoshwa na vitu vya kompyuta kuonekana vya kimashine mno. Mwaka 1997 Akademia ya filamu ya Marekani ilimpa tuzo ya ufundi kwa hesabu hiyo. Na Substance yenyewe ilitoka kwa kampuni ya Allegorithmic, aliyoianzisha Sébastien Deguy mwaka 2003 kule Clermont-Ferrand, Ufaransa, kabla ya Adobe kuinunua mwaka 2019.

Kila nodi ina vigezo vyake: kozi ngapi za matofali, kiungio kipana kiasi gani, rangi ipi, madoa makubwa au madogo. Nalipenda neno hili kigezo. Linatokana na kugeza, yaani kuiga kitu kwa kukifuatisha. Fundi cherehani anapokata gauni kwa kufuatisha gauni jingine, lile la kwanza ndilo kigezo. Kwa hiyo tangu asili neno lenyewe limebeba habari ya kitu kimoja kinachofuatwa na vingine vingi. Mimi nilikuwa nimelifanya kuwa namba tu, na namba hizo nilikuwa nimezitawanya.

Wiki iliyofuata niliufungua tena ukuta wa mwalimu na kuanza kuunganisha. Namna ya kufanya ni rahisi kueleza. Badala ya kuandika namba ndani ya nodi, unaitoa nje, unaifanya kuwa kigezo cha grafu nzima chenye jina na kitelezi chake, kisha unaiambia kila nodi inayoihitaji: usiwe na namba yako, soma ile. Katika Substance Designer unabofya alama iliyo kando ya kigezo na kukiweka wazi, na ukifika kwenye nodi ya pili unachagua jina lile lile kutoka kwenye orodha. Katika Material Maker kuna nodi maalumu ya kuongoza kutoka mbali, unayoifungamanisha na vigezo vya nodi nyingine upendavyo. Katika Blender unaweka nodi yenye thamani moja tu na kutandaza nyaya zake kila inakotakiwa. Majina yanatofautiana, kazi ni ile ile.

Nilianza na kozi, kwa sababu ndiko nilikokuwa na aibu kubwa. Nodi moja ilichora matofali kwa kozi 12. Nyingine, niliyoitumia kumpa kila tofali rangi yake kidogo tofauti na jirani, ilikuwa na kozi 14, kwa kuwa siku moja nilibadilisha huku nikasahau kule. Nilipokuza picha niliona rangi inapasuka katikati ya tofali: nusu ya juu imeiva, nusu ya chini imepauka, na mpaka wake umenyooka kama umekatwa na msumeno. Hakuna moto duniani unaochoma hivyo. Nilikuwa nimeishi na kosa hilo kwa miezi, na wateja kadhaa walishaona nyumba zao zikiwa na matofali ya aina hiyo. Nilipoifanya idadi ya kozi kuwa namba moja inayosomwa na nodi zote, kosa lile halikusahihishwa tu, bali lilikosa mahali pa kukaa.

Fundi ujenzi hahitaji kuambiwa hili. Anafunga kamba kutoka pembe hadi pembe, na kozi nzima inatii kamba hiyo. Hapimi tofali moja moja. Anayepima tofali moja moja ukuta wake utatembea, hata kama kila kipimo kilikuwa sahihi.

Kuna kigezo kingine cha pamoja ambacho programu kama Substance Designer hukupa bila kuombwa, nacho ni ukubwa wa picha. Nodi ikiachwa kama ilivyozaliwa hurithi ukubwa kutoka kwa grafu. Kompyuta yangu ni ya mtumba, na ingawa gridi ya Taifa ilifika Songea mwaka 2018, baada ya mji kuishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli, bado muda wa kompyuta kufikiri ni muda wangu wa kukaa bure. Kwa hiyo nafanya kazi kwenye ukubwa wa 512, picha ikiwa ndogo na nyepesi, na mwisho kabisa nagusa mahali pamoja tu kuipandisha hadi 2048, yaani nukta mara 16 ya zile za mwanzo. Grafu nzima inapanda pamoja. Ila kama kuna nodi niliyoilazimisha kwa mkono kuwa 512, hiyo inabaki chini, na kipande cha ukuta kinatoka na ukungu. Kila nikiona ukungu wa namna hiyo najua mahali fulani kuna nodi niliyoikataza kurithi.

Baada ya kozi nikaja kwenye rangi, na hapo ndipo mambo yalipoacha kuwa rahisi. Mwalimu alisema matofali yake yamekolea. Kukolea ni nini? Niliunganisha sehemu zote 19 kwenye kitelezi kimoja nilichokiita wekundu. Nikakisogeza. Ukuta wote ukawa mwekundu zaidi kwa pamoja, tofali, kingo, vumbi, hata matope yaliyorukia chini ya ukuta. Kilikuwa chepesi kutumia na kilikuwa uongo. Nikajua nimeunganisha vitu kwa sababu vinafanana rangi, wakati sikuwa nimejiuliza kwa nini vinafanana.

Nikaanza kutembea nikitazama kuta. Kutoka Bombambili hadi Mahenge, hadi nyuma ya Makumbusho ya Majimaji, kote kuna nyumba za matofali ya kuchoma, nyingine zina miaka mingi, nyingine hazijaezekwa. Niliinama kama mtu aliyedondosha ufunguo. Nyumba iliyojengwa kwa udongo badala ya saruji ina viungio vya rangi ile ile ya ardhi iliyo mbele ya mlango. Matope yaliyoruka wakati wa masika yanapanda hadi karibu na goti, nayo ni ya rangi hiyo hiyo. Na tofali lililokatika na kuonyesha tumbo lisiloiva vizuri, ndani pana rangi hiyo hiyo pia, imefifia kidogo. Ndipo nilipoona kwamba chini ya ukuta ule wote kuna kitu kimoja: udongo wa pale. Kilichotenganisha tofali na matope si rangi mbili nilizochagua mimi, ni moto. Tofali ni udongo uliopita motoni, matope ni udongo ambao haukupita.

Basi kitelezi cha wekundu nikakifuta. Nikaweka viwili. Kimoja nikakiita udongo, kinachosomwa na viungio, matope, vumbi na tumbo la tofali. Cha pili nikakiita moto, kinachouchukua ule udongo na kuubadilisha. Nilifurahi sana usiku ule. Siku ya pili nikampelekea mjomba wangu picha.

Mjomba anachoma matofali bondeni, chini ya milima ya Matogoro. Nilimkuta anafyatua. Udongo ulikuwa umelala tangu jana yake ukinyonya maji, umekanyagwa hadi ukawa laini, na kando yake ndoo ya maji na kalibu ya mbao, ya tofali moja, kona zake zimelika kwa kutumika. Aliichovya kalibu majini, akakata bonge la udongo, akalibamiza ndani kwa nguvu ili lijae hadi pembeni, akakwangua juu kwa kipande cha ubao, akapiga hatua tatu na kuifyatua chini. Tofali likabaki limekaa, lina maji maji, lina alama ya mikono yake ubavuni. Akarudi. Alipomaliza safu niliyahesabu: matofali 40, yote kutoka kalibu moja, na hakuna mawili yaliyolingana. Moja kona imelegea, jingine lina kijani cha jani lililonasa. Kalibu iliamua urefu, upana na kimo. Haikuamua lolote zaidi ya hapo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Leta hiyo simu yako nione."

Aliifuta mikono kwenye suruali, akaishika simu mbali na uso kama wafanyavyo watu wa umri wake, akaukuza ukuta wangu kwa vidole viwili. Nilitegemea asifie. Alinyamaza, akasogeza picha kushoto, akasogeza kulia. Kisha akaanza kuniuliza maswali, na kila swali lilikuwa na kidole chake juu ya tofali moja.

"Hili limeungua hadi likawa jeusi. Mbona halikujikunja?" Akasogeza. "Hili bichi kabisa, halikuona moto. Mbona lina ufa wa moto?" Akasogeza tena. "Na hili limenywea kama lililokaa mdomoni, lakini rangi yake ni ya matofali ya pembeni. Mjomba, haya matofali ulichoma matanuru mangapi?"

Sikuwa na jibu pale, ila nililijua nikiwa njiani kurudi. Nilichoma matanuru matatu. Katika grafu yangu, rangi ya kila tofali ilitoka kwenye bahati yake, nyufa zilitoka kwenye bahati nyingine, na ukubwa ulitoka kwenye bahati ya tatu. Kila moja peke yake ilikuwa sahihi. Kulikuwa na kiasi cha haki cha matofali meusi, kiasi cha haki cha nyufa, kiasi cha haki cha yaliyonywea. Hesabu ya jumla isingenishtaki. Lakini katika tanuru la kweli mambo hayo matatu ni jambo moja. Tofali lililopangwa karibu na mdomo wa tanuru, pale kuni zinaposukumwa, hupata moto mwingi: linanywea zaidi, linapinda, linapasuka, rangi yake inavuka wekundu na kuelekea zambarau hadi weusi, na mahali pengine uso wake huyeyuka ukang'aa kama kioo. La pembeni, lililo chini ya ule udongo wanaoukandika nje ya tanuru kuzuia joto, hubaki kubwa, limepauka, na ukilikwangua kwa ukucha linatoa unga. Weusi na ufa ni ndugu wa baba mmoja. Mimi niliwagawa.

Hapa ndipo nilipoelewa kitu ambacho hakuna kitelezi kilichonifundisha. Nilikuwa nadhani kigezo cha pamoja ni kamba ya kufungia vitu ili nivivute vyote kwa mkono mmoja na kuwahi kulala. Ni kweli kinaokoa muda, na ninauthamini muda huo. Lakini unapounganisha nodi mbili kwenye kigezo kimoja unatoa ushahidi juu ya ulimwengu. Unasema: hiki na kile vina chanzo kimoja. Ushahidi huo unaweza kuwa wa kweli au wa uongo, na programu haitakuambia, kwa sababu yenyewe haijawahi kukaa karibu na tanuru. Inakubali kila waya unaochomeka.

Nilikaa siku nne kuujenga upya ukuta. Kila tofali sasa linapewa namba moja tu ya bahati kati ya 0 na 1, nayo ndiyo moto wake. Namba hiyo inasomwa na nodi nyingi, lakini kila nodi inaisoma kwa namna yake. Hili ndilo nililolihangaikia kuliko yote, na nadhani wengi wanaoanza hulikosa: kushirikiana kigezo si kupokea sawa. Rangi inapanda polepole tangu mwanzo, kisha inakimbia mwishoni kuelekea zambarau. Kunywea kunapanda taratibu, kidogo sana, asilimia chache tu. Nyufa hazionekani kabisa hadi moto uvuke 0.7, kisha zinakuja kwa wingi. Mng'ao wa kuyeyuka unakaa kimya hadi 0.9. Hesabu ya kila mmoja ni fupi, mstari mmoja au miwili ya kuzidisha na kutoa iliyowekwa katikati ya kigezo na nodi. Moto ni mmoja. Kila kitu kinaungua kwa tabia yake.

Juu ya hayo yote kuna kitelezi kikuu, moto wa tanuru zima, kinachosogeza namba za matofali yote juu au chini kwa pamoja huku tofauti zao zikibaki.

Kisha nikalewa. Nilipoona jinsi ukuta ulivyoanza kupumua, nikaunganisha kila kitu, pamoja na mbegu. Mbegu, kwa lugha ya programu hizi, ni namba inayoianzisha bahati: ukitoa noizi kwa mbegu 5 utapata madoa fulani, na ukirudi mwakani na mbegu 5 utayapata yale yale. Watu wa Ruvuma hatuhitaji maelezo marefu juu ya hilo, mkoa wetu unaishi kwa mahindi. Ukipanda mbegu ya kiwandani ya mfuko mmoja, shamba linasimama kimo kimoja na linatoa mbelewele kwa pamoja. Ukipanda mbegu uliyochagua kutoka kihengeni mwako mwenyewe, kila mstari una mrefu na mfupi wake. Mimi nilizipa noizi zangu zote mbegu moja. Masizi, ukungu wa kijani wa chini ya ukuta, madoa ya chokaa, mikwaruzo ya kingo, zote zilitoka kwenye nodi za aina moja na kusoma namba moja, kwa hiyo zote zikatoa sura moja. Palipokuwa na doa la masizi, hapo hapo palikuwa na doa la ukungu lenye umbo lile lile, na hapo hapo mkwaruzo. Ukuta ukawa kama umepigwa muhuri mara nne mahali pamoja.

Ukungu haujui masizi yalipo. Ukungu unajua maji yanapotuama. Nikaukata waya wake na kuufunga kwenye mabonde ya ukuta, maana humo ndimo unyevu unamokaa, na wingi wa unyevu huo nikaupa kitelezi nilichokiita mvua. Mikwaruzo nikaiachia bahati yake. Mbegu kuu nikaibakiza, kwa kuwa inafaa kuweza kugeuza ukuta wote kwa namba moja na kupata ukuta mwingine wa ukoo ule ule, lakini kila noizi inaisoma kwa kuongeza namba yake: huyu anaongeza 3, yule anaongeza 11. Zinatoka nyumba moja, kila mmoja ana njia yake. Nilitumia muda mrefu kukata nyaya kuliko nilivyotumia kuziunganisha, na sijutii hata dakika moja ya muda huo.

Baadaye rafiki yangu wa Mbinga aliniomba grafu ile. Yeye anatengeneza picha za milima ya kwao na alitaka kuchora ngolo, yale mashimo ya Wamatengo yanayopangwa mteremkoni kama masega, nyasi zikilazwa kwa mistari inayokatana, udongo wa katikati ukichimbwa na kutupwa juu yake, mazao yakipandwa kwenye matuta na shimo likibaki kupokea maji ya mvua. Kwa mtu anayetazama kutoka ng'ambo ya bonde, mpangilio ule ni ukuta wa matofali uliolazwa mlimani. Alidhani atabadilisha rangi na kuongeza kina, basi. Nilimwambia aanze na maji. Ngolo ipo kwa ajili ya kuyapunguza mbio na kuuzuia udongo usiondoke nayo, kwa hiyo huenda mteremko ndio uwe kwake kama moto ulivyo kwangu. Alirudi kijijini kwao kutazama kabla ya kugusa kompyuta. Sijaiona kazi yake ikiwa imekamilika, lakini alinitumia picha ya daftari lake, limejaa michoro ya penseli ya mashimo yakitazamwa kwa ubavu.

Grafu unapompa mtu mwingine, haoni kila kitu. Anaona vile vigezo ulivyoviweka wazi tu, vilivyopangwa kwa majina. Nyaya mia zilizo nyuma zinabaki nyuma. Hilo linanifanya niyafikirie majina kwa makini. Zamani niliandika rangi_2, noizi_b, mpya_mpya. Sasa ukuta wangu una vitelezi vitano: kozi, udongo, moto, mvua, mbegu. Mjomba anaweza kuvisoma.

Na alivisoma. Alikuja mjini Jumamosi moja kununua mabati, nikamketisha mezani na kumpa kipanya. Mwanzo alikishika kama kitu kinachoweza kumng'ata. Nikamwonyesha kitelezi cha moto, nacho akakivuta polepole kutoka 0. Ukuta ukatoka kwenye rangi ya ardhi, ukapita kahawia, ukaanza kuwa mwekundu. Hakuwa anatazama namba. Alikuwa anatazama matofali, mdomo ukisogea kidogo, kama mtu anayehesabu. Alipofika 0.62 akaachia.

"Hapa," akasema. "Alfajiri ya siku ya pili. Hapa unaziba midomo, unaliacha lijipike lenyewe."

Nikachukua kalamu na kuandika kwenye karatasi iliyobandikwa pembeni ya kioo: 0.62, alfajiri ya pili, ziba.

Mwalimu alirudi kuchukua ramani yake mwezi uliofuata. Safari hii alikuja na kikapu, na ndani ya kikapu, kwenye gazeti, kipande cha tofali kutoka kiwanjani kwake. "Nimekuletea ushahidi," akasema. Nilimpa kiti kile kile na kipanya. Akaliegemeza tofali chini ya kioo, akavaa miwani vizuri, akakisogeza kitelezi cha moto. Alipita 0.62 bila kusimama. Nyufa za kwanza zilipojitokeza akapunguza kasi, akalitazama tofali lake, akatazama kioo, akasogeza tena kidogo. Akasimama kwenye 0.74.

"Haya ndiyo yangu."

Nililishika tofali lake na kuligeuza. Ubavuni lilikuwa limeanza kujikunja, na kwenye kona moja kulikuwa na mstari wa zambarau.

"Mwalimu," nikamwambia, "tanuru lako lilichelewa kuzibwa."

Alinitazama juu ya miwani. "Nani amekuambia? Yule kijana wa zamu ya usiku alipitiwa na usingizi. Tulimkuta asubuhi jua limeshapanda, na kuni zote zimekwisha."

Nikahifadhi ukuta kwa jina lake.